Mke wangu ataka niondoe vifaa vyote vya kuendesha nyumba kwa simu. Nifanyeje?

BARUA

Mheshimiwa mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kiamunyi, hapa Nakuru. Mimi ni mume na baba wa watoto wawili. Kazi yangu ni uhasibu, lakini tangu nikiwa shuleni moyo wangu umependa vifaa vya elektroniki, na nyumba tuliyojenga imenipa nafasi ya kutimiza mapenzi hayo. Balbu zote za ndani ni za waifai na huwashwa kwa simu au kwa sauti; mlango wa mbele una kufuli la namba; langoni, jikoni na sebuleni kuna kamera; na pampu inayopandisha maji hadi kwenye tangi la juu ninaiwasha kwa simu hata nikiwa Naivasha kikazi. Vifaa hivi nimevinunua kidogo kidogo, nikavifunga mwenyewe, na ninaona fahari kila ninapofika jioni nikakuta taa za nje zimekwisha kuwaka bila mtu kuzigusa.

Tatizo ni kwamba watu wangu hawaoni fahari hiyo. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Molo kukaa nasi kwa ajili ya matibabu, na tangu aje analala na tochi chini ya mto. Swichi za ukutani nimeziziba kwa utepe, kwa sababu mtu akizima ukutani balbu hukosa stima na simu haiwezi tena kuifikia, naye mama hana simu ya kisasa wala hataki kuzungumza na taa. Majuzi stima ilipotea usiku, na iliporudi karibu saa tisa taa za vyumba vyote ziliwaka kwa pamoja kwa mwanga mkali. Watoto waliamka wakilia, na mama akadhani tumevamiwa. Baadaye nikiwa safarini muda wa malipo ya intaneti ukaisha, simu zikashindwa kuwasha chochote, na mke wangu akabandua utepe kwenye swichi zote. Hajakubali uwekwe tena.

Kilichomkasirisha zaidi ni kamera ya sebuleni. Nikiwa kazini huitazama ili nijue watoto wanafanya nini, na siku moja nilitumia kipaza sauti chake kumwambia binti yetu azime runinga aende akasome. Sikujua kwamba wanawake wa chama cha mke wangu walikuwa wameketi pale. Hakusema neno mbele yao, lakini jioni aliniambia kwamba hawezi kuishi katika nyumba ambamo taa, mlango na maji vyote viko mfukoni mwa mtu mmoja, tena mtu ambaye hayupo. Anataka niondoe kila kitu kabla ya shule kufungwa, na mama anamuunga mkono.

Mimi ninaamini kwamba dunia inaelekea huku, na kwamba familia yangu itazoea. Nilikuwa hata nimepanga kuunganisha shawa ya umeme na soketi ya waifai ili maji yawe moto kabla hatujaamka, maana asubuhi za Nakuru unazijua. Naomba unipe hoja za kuwaelewesha, au uniambie wazi kama inanipasa niviuze vyote.

Msomaji, Kiamunyi

JIBU

Ndugu yangu wa Kiamunyi,

Hoja za kuwaelewesha sitakupa, kwa kuwa mke wako ameitambua kasoro ya mitambo yako vizuri zaidi kuliko wewe uliyeifunga. Amesema kwamba taa, mlango na maji viko mfukoni mwa mtu mmoja ambaye hayupo. Ukiyasikiliza maneno hayo kama malalamiko ya ndoa peke yake utajitetea, lakini ukiyasikiliza kama taarifa ya fundi aliyekuja kukagua kazi yako, utaona kwamba karibu kila tatizo ulilolitaja limeanzia hapo. Nami ninavipenda vifaa hivi kama unavyovipenda wewe, kwa hiyo sitakuambia uviuze vyote. Nitakuomba uvipime upya kwa kipimo kimoja: je, mama yako, akiwa peke yake usiku, bila simu mkononi na bila intaneti, anaweza kukitumia kifaa hiki? Kisichofaulu kirekebishwe au kiondoke.

Tuanze na taa, kwa maana ndizo zinazomfanya mama alale na tochi. Balbu ya waifai inahitaji kupata stima wakati wote, hata ikiwa imezimwa, ili iendelee kusikiliza amri za simu. Swichi ya ukutani huikatia stima hiyo, na ndiyo sababu ukalazimika kuziba swichi, yaani kuwanyima watu wako chombo pekee ambacho kila mmoja wao alijua kukitumia tangu utotoni. Katika nyumba yenye watu zaidi ya mmoja, akili ya taa haifai kukaa ndani ya balbu. Inafaa kukaa kwenye swichi. Ziko relei ndogo, yaani vifaa vya kuwasha na kuzima vinavyopokea amri za simu, zinazofungwa nyuma ya swichi ya kawaida. Ukibonyeza kwa kidole taa inawaka, ukitumia simu inawaka vilevile, na relei ikipoteza mawasiliano na simu, kidole kinaendelea kufanya kazi. Balbu zenyewe zinarudi kuwa za LED za kawaida, ambazo mke wako anaweza kununua duka lolote la mtaani bila kukupigia simu kuuliza ni za aina gani.

Kuna jambo moja litakalokusumbua hapo, na ni vizuri ulijue kabla ya kununua. Katika nyumba nyingi za Kenya, zilizofungwa nyaya kwa mtindo tuliourithi kwa Waingereza, waya wa nyutro, unaorudisha stima, huishia darini kwenye taa, na kisanduku cha swichi hupata waya wa laivu, unaoleta stima, na waya unaorudi kwenye taa, basi. Relei nyingi zinahitaji nyutro ili zifanye kazi. Fundi anaweza kuifunga relei juu darini, mahali nyutro ilipo, au mkachagua aina isiyohitaji nyutro. Hiyo ya pili, ikiunganishwa na balbu ya LED ya wati chache, wakati mwingine huifanya taa imemeteke hata ikiwa imezimwa, na dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa sambamba na taa. Pima pia kina cha visanduku vyako, kwa sababu vingine ni vifupi mno kupokea swichi na relei pamoja. Najua unapenda kufunga vitu mwenyewe, lakini kubadilisha balbu na kufungua nyaya za volti 240 ukutani si kazi moja. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, ukae naye umwulize maswali yako yote.

Kuhusu taa kuwaka zote saa tisa usiku, hilo si hitilafu. Watengenezaji wengi huipanga balbu iwake kwa nguvu zote kila inapopata stima upya, ili mtu asiye na simu aweze kupata mwanga kwa kuzima na kuwasha ukutani. Nia yao ni njema, lakini haikuzingatia mahali ambapo stima hupotea na kurudi wakati wowote. Fungua programu ya balbu zako leo jioni, utafute sehemu inayohusu hali ya taa baada ya stima kurudi, na uchague ikumbuke hali yake ya mwisho au ibaki imezimwa. Balbu nyingi zina mpangilio huo. Ukikuta zako hazina, basi za vyumba vya kulala ndizo za kwanza kubadilishwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi hii yote iliingia gizani, na kukatika kwa muda mfupi hakuhesabiki. Mtu anayepanga nyumba Kenya anapaswa kuanza na swali la nini kitatokea stima ikikatika, na nini kitatokea ikirudi.

Sasa nije kwenye intaneti, ambayo ndiyo kiini cha maneno ya mke wako. Unapoketi sebuleni ukabonyeza simu, amri ya kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako mara nyingi hutoka nyumbani, husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyo nchi nyingine, kisha hurudi Kiamunyi. Muda wa malipo ukiisha, safari hiyo inakatika. Unaweza kulipa kwa wakati kila mwezi na bado ikakatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Pia kuna hatari kwamba kampuni yenyewe itachoka. Kifaa kilichoitwa Revolv, ambacho watu wa Marekani walikinunua kwa takriban dola 300 kiwe kitovu cha nyumba zao, kilizimwa Mei 2016 baada ya kampuni yake kununuliwa na Nest, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumbani. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima, ila seva iliyokiendesha ilifungwa. Mwezi wa Aprili 2022 wateja wa Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya aina hii, walikuta seva zimezimwa bila taarifa. Waliokuwa wamelipa pesa zao walijifunza kwamba walikuwa wamenunua ruhusa ya kutumia kifaa, na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu wasiyemjua. Mke wako na mama yako wako katika hali hiyohiyo kwako wewe, na hili nakusihi ulifikirie kwa utulivu.

Njia ya kutoka ipo, na kwa mpenzi wa vifaa kama wewe itakuwa furaha. Programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, hutolewa bure na huendeshwa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayokaa ndani ya nyumba yako na kutumia chini ya wati 10. Amri zinatoka kwenye simu au swichi, zinafika kwenye kompyuta hiyo, zinafika kwenye taa, wala hazivuki lango lako. Tafuta vifaa vya Zigbee, ambavyo huwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe bila waifai, au vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka mwaka 2022 ambacho kimeundwa ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane ndani ya mtandao wa nyumbani. Kabla ya kununua chochote, mwulize muuzaji swali hili: kikikosa intaneti, kitafanya kazi gani? Akisita kujibu, usinunue. Kompyuta hiyo uiwekee diski ya SSD badala ya kadi ndogo ya kumbukumbu, kwa kuwa kadi huharibika stima inapokatika ghafla, na uiunganishe pamoja na ruta, yaani kisanduku cha waifai, kwenye betri ya akiba.

Kamera ya sebuleni iondoe leo, kabla ya taa, kabla ya kitu kingine chochote, na usiniulize namna ya kuirekebisha. Ya jikoni pia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haigusi mambo ambayo mtu anayafanya kwa shughuli zake binafsi za nyumbani, mimi sikuandikii kuhusu mahakama. Wanawake wale wa chama waliketi katika nyumba ya mwenzao wakiamini kwamba wanaongea wao kwa wao. Mke wako alitahayari mbele ya watu wake, na ni wewe unayepaswa kumwomba radhi kwa hilo, ana kwa ana, bila kuchanganya na maelezo ya vifaa. Kama unataka kujua binti yako anasoma au hasomi, mama yake na nyanya yake wako pale; wapigie. Kamera ya langoni ibaki, mradi isielekee ua wa jirani na kila mtu wa nyumba hiyo aweze kuitazama kama wewe.

Kufuli la namba halina ubaya iwapo lina tundu la ufunguo wa kawaida, na iwapo mama na mke wako kila mmoja ana ufunguo huo. Hakikisha pia kwamba kwa ndani mlango unafunguka kwa mkono bila namba wala betri, kwa maana moto ukizuka hakuna atakayekumbuka namba.

Shawa ya umeme usiiguse. Hapa sishauri, ninakataza. Shawa za aina hii hutumia wati 5,000 au zaidi, yaani zaidi ya ampia 20, na soketi za waifai zinazouzwa kwa kawaida hubeba ampia 10 hadi 16. Itapata moto, plastiki itayeyuka, na itatokea mkiwa mmelala. Isitoshe, shawa hiyo hupasha maji yanapopita ndani yake. Haina tangi la kuyahifadhi, kwa hiyo hata ukiiwasha kabla ya kuamka hakuna maji yatakayokuwa yakikusubiri. Kama siku moja mtaweka tangi la maji moto, lile fundi anaweza kulifungia saa ya kulizima na kuliwasha pamoja na swichi nzito inayostahimili mzigo wake.

Nguvu uliyotaka kuiweka kwenye shawa ipeleke kwenye pampu. Nakuru tunaujua mgao wa maji, na mara nyingi maji hufika kwenye tangi la chini saa ambazo watu wamelala. Kwa sasa, usipokumbuka kuiwasha pampu ukiwa Naivasha, nyumba nzima inakosa maji. Fungeni swichi ya boya kwenye tangi la juu ili pampu ijiwashe maji yanapopungua na ijizime linapojaa, na nyingine kwenye tangi la chini ili isizunguke bila maji ikaungua. Ni teknolojia ya zamani, haina programu wala nywila, na miongoni mwa vyote tulivyovizungumzia hapa hiki ndicho ninachokiona bora zaidi. Unaweza kuongeza kihisi cha kukuonyesha kina cha maji kwenye simu, kwa sababu kuangalia hakumzuii mtu kunywa.

Nunua pia king'ora cha gesi cha jikoni, kinacholia chenyewe kwa sauti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo kifungwe chini, kimo cha sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, si darini kama king'ora cha moshi. Mama yako, ambaye hupika mchana watu wakiwa kazini, atakuwa wa kwanza kukithamini.

Yatakayobaki baada ya hayo yawe ya nyumba nzima. Mke wako apewe mamlaka kamili ya msimamizi katika programu, sawasawa na yako, si ya mgeni unayeweza kumwondoa. Andika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja kila kifaa kiko wapi, kinafanya nini, na kinazimwaje kwa mkono, kisha uibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Kabla ya kufunga kifaa kipya, mweleze, na akikataa basi kisifungwe. Muda aliokupa hadi shule zifungwe unatosha kwa kamera, mpangilio wa balbu na swichi ya chumba cha mama; vyumba vingine mwombe mvimalize pamoja kadiri pesa zitakavyopatikana.

Umeuliza kuhusu kuuza. Kamera zile mbili na balbu utakazozitoa ziuze. Kwanza, kabla ya kumkabidhi mnunuzi, ondoa kila kifaa kwenye akaunti yako, kisha ukirudishe katika hali ya kiwandani kwa kitufe chake cha kufutia, na utoe kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kamera ubaki nayo. Kifaa kisichofutwa huenda na nywila ya waifai yenu, na kadi hiyo bado ina picha za sebule yenu.